Njia ya Bonde Lililofichika

Katika jimbo la California, huko Marekani, iko hifadhi ya jangwani iitwayo Joshua Tree. Serikali iliitenga mwaka 1936, na mwaka 1994 ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Humo mna kijia kifupi, urefu wake maili 1 tu, kizungukacho ndani ya bonde na kumrudisha mtu pale pale alipoanzia.

Kwanza njia hupanda na kupenya katikati ya majabali. Mara bonde huonekana, limezungushiwa mawe pande zote kama boma la ng'ombe. Na kweli, watu husimulia kwamba zamani wezi wa ng'ombe walificha mifugo humo.

Mtu angedhani mawe hayo yamepangwa kwa mikono, kumbe sivyo. Miaka zaidi ya milioni 100 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipoa chini ya ardhi, yakafanya nyufa. Maji yakapenya katika nyufa, yakala pembe zake polepole. Udongo wa juu ulipochukuliwa, mawe yakabaki wazi, ya mviringo, yamepandana kama vibuyu sokoni. Mvua inyeshapo, maji huteremka juu yake na kukusanyika bondeni; ndiyo sababu mimea ya humo ni mingi kuliko ya nje.

Mti mkuu wa nchi ile ndio ulioipa hifadhi jina. Yasemekana wasafiri wa kale waliyaona matawi yake yameinuka kama mikono, wakamkumbuka Yoshua. Ninyi mliokwisha kuona mashamba ya mkonge kule Tanga mtastaajabu kusikia kuwa mti huu na mkonge ni wa jamaa moja. Hauzai mbegu pasipo nondo mdogo. Nondo jike huchukua unga wa ua moja, akaupeleka katika ua lingine, akataga mayai humo, kisha huupaka unga ule. Viwavi wake hula mbegu chache, nyingine huziacha. Nondo akitoweka, mti hautazaa. Mti ukitoweka, nondo hana pa kutaga.

Lakini ufupi wa njia humdanganya mgeni. Wakati wa kiangazi joto hupita digrii 38 mara nyingi, wala njiani hapana kisima wala bomba. Hewa ni kavu hata jasho hukauka upesi, na mtu hajui kwamba mwili wake unapungukiwa maji, mpaka kichwa kiume na miguu ilegee. Watu wamekufa kwa joto katika majangwa ya namna hii. Wasimamizi huagiza kila mtu achukue galoni 1 ya maji kwa siku, yaani kama lita 4. Tena majabali hufanana sana; aiachaye njia ili kupanda hili na lile hupotea upesi. Akipotea, na akae kivulini angoje kutafutwa. Wajuao jangwa huanza kutembea alfajiri, mawe yangali baridi, na jua likipanda wamekwisha kurudi.