Hitilafu Ikishapewa Namba

Maduka mengi ya jumla Kariakoo siku hizi yana kompyuta kaunta na printa ndogo ya risiti pembeni. Mwenye duka anayekwepa gharama ya leseni huwekewa Linux, na mambo huenda vizuri mpaka siku programu zinaposasishwa na printa ikaanza kumeza mstari wa mwisho wa risiti, ule wenye jumla ya fedha. Fundi anaitwa. Anarudisha toleo la zamani, anapewa chake, anaondoka. Wiki inayofuata duka la mtaa wa pili linapata ugonjwa huohuo, na fundi mwingine anaanza kuutafuta upya kwa sababu hakuna aliyeuandika mahali.

Mahali pa kuuandika papo, na ni bure. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao ndio mama wa Ubuntu wanayoanzia mafundi wengi wa Dar es Salaam, una hifadhidata ya hitilafu iliyo wazi kwa dunia nzima. Kila taarifa hupewa namba yake. Novemba 2021 namba hizo zilifika milioni moja. Lakini kuleta taarifa ni nusu tu ya kazi. Taarifa nyingi hufika zikiwa zimekosewa: kichwa hakieleweki, uzito umetiwa chumvi, lawama imepewa programu isiyohusika. Asipotokea wa kuzinyoosha, mtunzaji wa programu huzipita akaenda kwenye zilizo wazi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kunyoosha taarifa ni ufundi kamili, sawa na kuandika programu yenyewe.

Chombo cha kazi hiyo kinaitwa bts, kimo ndani ya kifurushi cha devscripts, na hutumiwa kwa kuandika amri kwenye tamino (dirisha la amri). Tuseme taarifa ya printa yetu imepewa namba ya mfano 1234567. Fundi anaandika hivi:

bts reassign 1234567 cups-filters , severity it important , tags it + moreinfo

Kipande cha kwanza kinaihamisha taarifa kutoka kifurushi cha cups, kilichosingiziwa, kwenda cups-filters, chenye kazi ya kugeuza maandishi yawe kitu ambacho printa inakielewa. Cha pili kinaipa uzito wa important, ngazi ya hitilafu inayoathiri sana matumizi ya programu bila kuifanya isimfae mtu yeyote kabisa. Cha tatu kinabandika alama kwamba aliyeleta taarifa anasubiriwa aongeze maelezo. Neno it linasimama badala ya namba iliyokwisha tajwa, ili mtu asiirudie akaikosea. Mkato nao uwe na nafasi kushoto na kulia, la sivyo chombo hakitatambua kwamba amri ni tatu.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Amri hiyo haiigusi hifadhidata moja kwa moja. Hugeuzwa kuwa barua pepe ya mistari michache, ikaenda control@bugs.debian.org, na huko mashine huisoma, hutekeleza, kisha humrudishia mtumaji jibu linaloonyesha kila mstari umefanyiwa nini. Hakuna nywila. Kijana wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye anwani ya barua pepe ana mamlaka yaleyale ya kurekebisha taarifa kama mhandisi aliyeko München. Ulinzi uliopo ni kwamba kila badiliko linabaki kwenye taarifa pamoja na jina la aliyelituma, mtu yeyote aweze kuliona na kulirudisha. Wenye maduka ya vitenge wanaouza kwa mali kauli wanaijua nidhamu hii: deni lililokosewa kwenye daftari hupigwa mstari, la sahihi likaandikwa chini yake, na karatasi haichanwi.

Kwa mazingira yetu, njia ya barua pepe ina faida nyingine ambayo kurasa zenye picha na vitufe hazina. Barua ya mistari mitatu hailambi bando. Kompyuta mpakato iliyowekewa programu ya kutuma barua huiweka kwenye foleni hadi mtandao urudi, na bts ina amri ya cache inayoteremsha taarifa mapema ili zisomwe hata bila intaneti. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na Tanzania ikakaa na intaneti ya kusuasua, mpangilio wa namna hii ndio uliofaa.

Hatari yake nayo ni ya kweli. Amri moja inaweza kubeba namba mia, na kila namba ina watu nyuma yake watakaopata barua. Mwanzoni, weka -n mbele: chombo kitaandika kwenye skrini barua ambayo kingeituma, wala hakitaituma. Ukishazoea, tumia -i, ambayo hukuonyesha barua kabla haijaondoka na kukupa nafasi ya kuirekebisha au kuighairi.

Halafu kuna suala la kufunga taarifa. Ipo amri ya close, na mwongozo wa chombo chenyewe unaonya kwamba kuitumia mara nyingi ni kukosa adabu. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Mtu ametumia bando lake na muda wake wa kazi kueleza tatizo. Kumfungia bila neno ni kumfundisha asilete tena. Amri ya done hufungua ukurasa wa kuandika barua, na aliyeripoti huipokea: nini kilikuwa kibaya, kimerekebishwa katika toleo gani. Amri hiyo inafaa pia kwa tatizo dogo kama neno la Kiswahili lililokosewa kwenye menyu, ambalo hubandikwa alama ya l10n. Jiji lililotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 halikosi watu wa kuyaona makosa hayo.

Taarifa iliyofungwa, siku 28 zikipita bila jipya, huhamishiwa kwenye hifadhi ya zamani na haipokei tena mabadiliko. Hitilafu ikijirudia, anza na unarchive, ifuatishe reopen, kisha ongeza kwa found toleo ulimoikuta.