Mikwaruzo na Madoa katika Rangi ya Motokaa

Likizo iliyopita mjomba wangu wa Muyinga alinipa kazi ya kuosha motokaa yake. Ni Toyota Probox ya buluu iliyoiva, nayo huchukua abiria kati ya Muyinga na huku kwetu Buhinyuza. Juu ya boneti nilikuta mavi ya ndege yaliyokauka. Nikachukua chuma cha kusugulia sufuria pamoja na majivu, nikasugua kama tufanyavyo jikoni. Doa liliondoka, lakini mahali pake pakawa na ukungu mweupe, upana wake kama sahani. Mjomba hakunigombeza. Alitazama, akasema, "Mpwa wangu, umeondoa doa na rangi pia." Kisha akanipeleka kwa fundi rangi, ili nimsaidie kazi kwa siku tatu kuwa malipo ya kosa langu. Fundi huyo alijifunza kazi Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura unaosifika kwa gereji zake. Aliyonifundisha ndiyo nitakayowaeleza.

Kwanza, yafaa tujue kwamba rangi ya motokaa si kitu kimoja. Chini kabisa ni bati. Juu ya bati hupakwa praima ya kuzuia kutu, kisha praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi isiyo na rangi, nayo ndiyo inayong'aa. Tabaka hizo zote pamoja, zikitoka kiwandani, huwa na unene wa kama sehemu 10 hadi 15 katika 100 za milimita moja. Vanishi peke yake ni kama sehemu 4 au 5 tu, yaani haizidi unywele mmoja wa kichwani. Motokaa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 hazikuwa na vanishi; ukizisugua, kitambaa hushika rangi yenyewe.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote. Mkwaruzo ni mfereji mdogo. Watu wengi hudhani kwamba polishi huujaza mfereji huo. Sivyo. Polishi ina chembe ngumu ndogo sana, nazo hula vanishi ya kandokando mpaka uso wote uwe sawa na chini ya mfereji. Basi kila unapong'arisha unapunguza akiba, na akiba hiyo hairudi. Kwa hiyo fundi mwema huanza na dawa iliyo laini kuliko zote, na huacha mara inapotosha.

Nta ni kitu kingine. Nta haiondoi mkwaruzo. Huufunika na kuukinga uso na maji na jua. Mafuta nayo huficha kwa muda, kisha mvua ikinyesha mara chache mikwaruzo yote huonekana tena. Ninyi wanafunzi wa zamani mnaotaka kununua motokaa, kumbukeni hilo. Nyingi zinazoingia nchini kwa mpaka wa Kobero zimekwisha kutumika Japani, zikapakuliwa Dar es Salaam. Kabla ya kulipa, ombeni motokaa ioshwe kwa sabuni, kisha itazameni juani.

Ukiitazama motokaa nyeusi juani utaona mistari myembamba iliyozunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Nilimwuliza fundi, "Nani aliyesugua kwa kuzungusha mkono hivi?" Akacheka. Mistari hiyo imelala kila upande, lakini jicho huona ile tu inayokata njia ya mwanga, ndiyo maana huonekana kama duara. Nilijaribu mwenyewe: niliposogea, duara likanifuata.

Mistari hiyo hutokana zaidi na kuosha vibaya. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga mgumu, ambao hukwaruza hata kioo, sembuse vanishi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, motokaa ikitoka Muyinga kuja hapa hufika imevaa vumbi tele. Mtu akipitisha kitambaa kikavu juu yake, ni sawa na kupitisha msasa.

Kabla ya kutibu mkwaruzo, upime. Osha mahali pale, kisha pitisha ukucha polepole kuukata mkwaruzo. Ukucha usiponasa, mkwaruzo u katika vanishi, na polishi yaweza kuuondoa. Ukinasa, umekwenda chini mno. Ukilazimisha kuusugua utaimaliza vanishi ya mahali pale. Njia nyingine ni kuumwagia maji. Ukitoweka ukiwa umelowa, ni wa juu. Ukiona weupe au kijivu cha praima, au bati linalong'aa, polishi haina kazi tena.

Mkwaruzo wa juu hutibiwa hivi. Weka motokaa kivulini, bati likiwa limepoa. Tia polishi kidogo katika sponji laini, ufanye kwanza mahali padogo pa kujaribia. Sugua kwa nguvu ya kadiri, eneo la mikono miwili tu kwa mara moja, kisha ufute kwa kitambaa safi na utazame. Isipotosha, ndipo utumie kompaundi, ambayo ni kali zaidi, na baada yake urudi kwenye polishi ili kuondoa alama za kompaundi yenyewe. Msasa namba 2000 uliolowekwa majini ni wa fundi mwenye mkono mzoefu. Mwenye mashine asikae mahali pamoja, maana joto huunguza vanishi. Tena ajihadhari na kingo za milango na boneti, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba.

Madoa nayo kila moja lina dawa yake. Mavi ya ndege yana asidi, na jua likiwaka huila vanishi upesi. Usiyakwangue. Weka juu yake kitambaa kilicholowa kwa dakika 10, yakilainika uyainue. Lami ya barabarani hutoka kwa mafuta ya taa kidogo katika kitambaa, kisha osha mara hiyo hiyo kwa sabuni. Utomvu wa miti hulainishwa na spiriti kidogo. Alama nyeupe za maji yaliyokaukia juani hufutwa kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha suuza. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi, mwaga maji mengi bila kukawia, kwani huiyeyusha.

Mkwaruzo uliofika kwenye bati usiuache mpaka mvua za Septemba. Kutu huanzia hapo, ikatambaa chini ya rangi isionekane, mpaka bati litoboke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ondoa kutu yote, paka praima, kisha rangi kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke, na mwisho vanishi. Namba ya rangi imeandikwa katika kibati cha motokaa. Katika Toyota itafute penye herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi.

Lakini lililo bora ni kuosha vema. Mwaga maji kwanza ili vumbi liondoke lenyewe. Uwe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga ukirudi katika sabuni unarudi katika rangi. Anza juu ya paa, ushuke. Magurudumu yawe ya mwisho, na kitambaa chao mbali. Usitumie sabuni kali ya unga, kwani huondoa nta. Kitambaa kikianguka chini, usikirudishe mpaka umekifua.

Boneti ya mjomba ilipona karibu yote. Pembeni, nilikosugua zaidi, ukucha ulinasa, na fundi alikataa kuendelea. "Hapa tukitafuta uzuri tutapata praima," alisema. Alama ile ipo mpaka leo, nami huiona kila nipandapo motokaa ile. Wenzangu mnaopewa motokaa za wageni kuosha siku ya sherehe za shule, ulizeni kwanza iko wapi ndoo ya pili.