Ziara ya Kikundi Jijini Nairobi: Panga Mapema, Rudi Kabla ya Giza

Likizo ya shule inapokaribia, vyama, makanisa, vikundi vya vijana na kamati za wazazi katika mitaa kama Section 58 huanza kuchangisha pesa za kuzuru Nairobi. Ni safari ya kilomita 160 hivi, lakini bila mpango siku nzima huishia kwenye foleni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipanga.

Anza na hesabu ya viti

Gari hukodiwa zima, si kwa kichwa. Tuseme kwa mfano matatu ya viti 33 inakodiwa kwa shilingi 26,400. Ikijaa, kila mtu atalipa 800. Watu tisa wakijitoa dakika za mwisho, waliobaki 24 watalazimika kulipa 1,100 kila mmoja. Hapo ndipo vikundi vingi hugombana. Kwa hivyo kubalianeni kabla ya mchango wa kwanza: siku ya mwisho ya kulipa ni lini, na anayejitoa baada ya siku hiyo anarudishiwa nini. Maamuzi hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi au zishikwe na mweka hazina anayetoa risiti. Msimlipe mwenye gari pesa zote mapema. Toeni amana, muandikiane mkataba unaotaja nambari ya gari, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, vituo vyote, na nani analipia mafuta na maegesho.

Kagua gari na dereva

Gari la kubeba abiria kwa malipo linapaswa kuwa na leseni ya NTSA, bima halali ya abiria na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Hakikisheni kila kiti kina mkanda unaofunga. Kanuni za magari ya abiria zinamzuia dereva kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24, kwa hivyo muulizeni kama usiku uliotangulia alikuwa barabarani.

Barabara ya Nakuru hadi Nairobi haisamehi. Usiku wa Desemba 10, 2016, lori lililobeba shehena inayoshika moto lilipoteza mwelekeo eneo la Karai, Naivasha, likagonga magari mengine na kulipuka. Zaidi ya watu 30 walifariki. Ondokeni alfajiri, na mpange kuondoka Nairobi saa tisa alasiri ili mfike nyumbani kabla ya giza. Mkichelewa, punguzeni kituo kimoja. Msimshurutishe dereva kufidia muda kwa mwendo wa kasi.

Chagua upande mmoja wa jiji

Kosa la kawaida ni kutaka kuona kila kitu. Vituo vitatu vinatosha kwa siku moja, navyo viwe vya upande mmoja.

Upande wa katikati ya jiji, Makavazi ya Kitaifa ndiyo ya kwanza ukiingia kwa Waiyaki Way. Yalifunguliwa mwaka wa 1930, na huwa wazi kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni. Jumba la KICC, lililofunguliwa mwaka wa 1973, linakuwezesha kuona jiji kutoka juu. Makavazi ya Reli yana mvuto wa pekee kwa mtu wa Nakuru: reli ile ile iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na kuzaa jiji hilo ndiyo iliyofika kwetu mwaka uliofuata. Bustani ya kumbukumbu ya waathiriwa wa shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 nayo haiko mbali.

Upande wa Lang'ata kuna Uhuru Gardens, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Karibu nayo ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, pamoja na makao ya wanyama yatima. Kituo cha twiga nacho huwafurahisha watoto sana. Kwa upande huu, dereva anaweza kushika barabara ya Southern Bypass kutoka upande wa Kikuyu bila kuingia katikati ya jiji.

Wanaotaka kuona Bunge wachague siku ya vikao: Jumanne alasiri, Jumatano au Alhamisi alasiri. Kikundi kimwandikie Karani wa Bunge barua majuma kadhaa mapema, kikitaja idadi ya wageni na tarehe.

Malipo, vitambulisho na chakula

Mbuga na makavazi ya serikali hupokea malipo kupitia eCitizen, si pesa taslimu langoni. Mtu mmoja alipie wote siku moja kabla na abebe nakala ya risiti. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko wageni wa nchi za nje, kwa hivyo kila mtu mzima abebe kitambulisho. Shule zibebe barua ya mwalimu mkuu na orodha ya wanafunzi.

Chakula cha kubeba hupunguza gharama, lakini plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 5, 2020. Chupa za maji na sahani za kutupwa zitazuiwa langoni. Bebeni mikebe na chupa za kudumu.

Mwisho, gaweni wasafiri katika makundi ya watu wanane au kumi, kila kundi na kiongozi mwenye orodha ya majina na nambari za simu za jamaa. Majina yaitwe kila gari linapotaka kuondoka. Nakala moja ya orodha hiyo iachwe Nakuru na mtu ambaye hasafiri.