Metabolism Imebebeshwa Kesi Bure

Kuna wasee wa mtaa wakigonga tu thate, kitambi ikachungulia kwa tishati, wanaanza: "Maze, metabolism yangu imelala." Imelala wapi, buda? 2021 Herman Pontzer na mascientist wenzake walitoa story kwa jarida la Science. Walicheki wasee zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ukishatoa mambo ya size ya mwili, spidi iko pale pale kutoka miaka 20 hadi 60. Sitini! Wewe na thate na mbili zako, hiyo alibi imekufa.

Na mnono si eti anachoma polepole. Mwili kubwa huchoma mob kuliko ya msee mbonda, hata wote wakiwa wamelala. Metabolism haiko kwa hii kesi. Iachilieni.

Mwenye anafaa kushikwa ni hesabu. 1992 huko Marekani walipima wasee wenye walikuwa wanaapa wanadishi chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Metabolism? Safi kabisa. Kumbe walikuwa wanataja karibu nusu tu ya dishi, halafu mazoezi wameiongeza na nusu. Maringo ya bure.

Sasa cheki zako. "Leo nimedishi chapo mbili na ndengu, basi." Basi? Simama hapo kwa kibandaski umcheki mathe akipiga kazi. Mafuta kwa unga. Mafuta kwa pan. Anageuza, anapaka tena. Kijiko moja kubwa ya mafuta ni kama kalori 120, na hakuna msee nishaskia akihesabu mafuta. Jioni mutura: "Naonja tu." Soda ya beshte: "Naonja tu." Kuonja kwa hii mtaa ni main course.

Wazee usiwaulize. Mbuyu atasema kitambi ni pesa, na yeye pesa hana. Shosh wa shagz atakupakulia round ya tatu akilia eti umekonda.

Yenye hunibamba kabisa ni ile chai ya kuslim. Thao kadhaa, ya majani! Zingine ziko na senna, dawa ya kuendesha. So unalipa ndio ushinde choo. Maji inatoka, mafuta inabaki imetulia tu.

Mizani ya jikoni iko tao, bei chini ya hiyo chai. Pima ukiwa kejani. Ukiitoa kwa kibandaski mbele ya mbogi, sisi hatukujui.