Kwa Miguu kutoka Umatengo hadi Ziwa Nyasa

Kati ya Mbinga na Mbamba Bay kuna barabara ya lami ya kilomita 66 hivi. Ni barabara nzuri, lakini anayepita njia za miguu huona mengi zaidi. Huanzia kwenye baridi ya milima ya Umatengo, ambako vilele vingine hukaribia mita 2,000, akateremka hadi kwenye joto la ziwa, mita 475 tu juu ya usawa wa bahari.

Kinachomsimamisha kwanza ni mashamba. Miteremko imejaa vishimo vya mraba vilivyopangana mpaka juu: ndiyo ngoro. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwabana Wamatengo milimani, ikabidi walime kwenye miinuko mikali. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Msimu unaofuata, mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea, na kila kishimo hudaka maji. Mtembezi akiinama baada ya mvua ataona tope laini limetuama humo, tope ambalo bila ngoro lingeshaishia mtoni. Kwa utaalamu huu pekee, Umatengo unastahili wageni wengi kuliko unaowapata.

Wanyama wakubwa wako kusini, katika Pori la Akiba Liparamba, mpakani na Msumbiji. Humo mtu haingii bila kibali.

Ziwani, viumbe vya kustaajabisha ni vidogo. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na nyingi hazipatikani kwingine. Wale wa miambani, wa buluu, manjano au wenye milia, huonekana hata karibu na ufuko maji yakitulia. Jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki kadhaa hadi vifaranga waweze kuogelea.

Kaskazini kidogo ya Mbamba Bay ni Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na Sphinx. Hapo, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa na habari kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza.

Juni hadi Septemba njia huwa kavu. Ni vyema kupita kwanza ofisi ya kijiji na kutafuta mwenyeji wa kuongoza, kwa kuwa vijia vingi hukatiza mashamba ya watu, na tuta la ngoro likikanyagwa hubomoka.