Kilomita 21 kwenye mvua: usiogope kulowa, ogopa kupoa

Vijana wengi hapa kambini wanafanya mazoezi ya mbio alfajiri. Kila msimu wa mvua unapoanza, wahudumu wa afya wanaulizwa swali lile lile: je, kukimbia kwenye mvua kunaleta malaria au nimonia? Jibu ni fupi. Malaria inaletwa na mbu, na mafua na nimonia vinaletwa na vijidudu. Maji ya mvua hayana makosa hapo. Lakini ipo hatari nyingine ambayo watu hawaizungumzii sana, nayo ni mwili kupoa kupita kiasi.

Mimi niliiona hatari hiyo mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, nilipokuwa nikiishi Kimaka karibu na kile kiwanja kidogo cha ndege. Asubuhi moja ya mvua mimi na kijana mmoja wa kutoka Mbale tulitoka kukimbia nusu marathoni ya mazoezi, yaani kilomita 21 na takriban mita 100, kutoka Kimaka kuelekea upande wa Bujagali na kurudi. Yeye alikuwa na mbio kunishinda. Alivaa fulana nene ya pamba, na hakula kitu tangu jana yake mchana.

Wakati wa kwenda hakukuwa na shida. Tulilowa chapachapa, lakini tulikuwa na joto. Wakati wa kurudi nilianza kuchoka, naye akawa anasimama kila mara kunisubiri, huku upepo unavuma kutoka mtoni. Zilipobaki kama kilomita nne nilimkuta ameinama, anahangaika na kamba ya kiatu, vidole havishiki. Nilimuuliza kama yuko sawa, akanijibu maneno yasiyoeleweka, kama mtu aliyelewa. Nilidhani ananitania. Kisha akaanza kutembea kurudi kule tulikotoka.

Kwa bahati palikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara. Mama mwenye kibanda alimtazama mara moja tu, akasema, “Mwanangu, vua hilo shati lenye maji.” Alimkausha kwa kitambaa, akamfunika blanketi kuanzia kichwani, akamweka mbali na mlango. Alipoanza kuongea vizuri, akampa chai ya moto kidogo yenye sukari nyingi. Ilichukua karibu saa nzima. Baadaye, nilipojifunza kazi hii, niliona kwamba mama yule hakukosea hata hatua moja.

Kwa nini jambo hili linatokea hata kwenye nchi zetu za joto? Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, ubongo na misuli haifanyi kazi sawasawa. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kavu, mara nyingi zaidi, na upepo unaongeza. Ukiwa unakimbia, misuli inatengeneza joto la kutosha kufidia. Ukipunguza mwendo kwa uchovu au njaa, joto hilo linakatika lakini nguo bado zimelowa. Kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye kilomita za mwisho, na pale unapomaliza na kusimama kupiga soga.

Mvua haimzuii mtu kukimbia vizuri. Mwezi Machi 2016, kwenye mashindano ya dunia ya nusu marathoni mjini Cardiff, Wales, mvua kubwa na upepo viliwapiga wakimbiaji. Mkenya Geoffrey Kamworor alianguka pale pale mwanzoni, akainuka, akashinda kwa dakika 59 na sekunde 10. Lakini tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 za milimani huko Gansu, China, hali ya hewa ilibadilika ghafla ikaleta mvua ya barafu na upepo mkali. Wakimbiaji 172 walianza, 21 wakafariki, na baadhi yao walikuwa mabingwa wanaojulikana. Wengi walivaa kaptura na fulana nyepesi. Mchungaji wa kondoo aliokoa watu sita kwa kuwapeleka kwenye pango alimowasha moto.

Basi ukikimbia wakati wa mvua, acha fulana ya pamba nyumbani, maana inashika maji na kukaa nayo. Jezi ya mpira ya mitumba ni bora zaidi. Kavera kubwa iliyotobolewa kwa kichwa na mikono inazuia upepo vizuri, hata kama watu watakucheka. Kula uji au ndizi kabla ya kutoka. Kunywa maji ingawa huhisi kiu. Paka mafuta mazito kwapani na katikati ya mapaja, kwani nguo iliyolowa inachubua ngozi. Na jambo ambalo wengi wanasahau: mwachie mtu nguo kavu pale utakapomalizia, ubadilishe mara moja.

Mwenzako akianza kutetemeka sana, kujikwaa, au kuongea hovyo, msimamishe na mfanyie kama mama yule wa chai. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimpe pombe. Asiyeweza kumeza vizuri asipewe kinywaji chochote. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na analegea, hiyo si nafuu. Mpelekeni kituo cha afya haraka, mkimbeba taratibu.

Radi nayo isichukuliwe kama mchezo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada wakati wa mvua. Ukisikia ngurumo, mazoezi yameisha kwa siku hiyo. Usijikinge chini ya mti. Ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mbio ndefu. Kwa mgonjwa wa selimundu, baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali siku hiyo hiyo.