Ijumaa Kuu kwa simu: Ibada si muvi, bana

Hebu tuseme ukweli. Ijumaa Kuu imefika, ploti imebaki kimya kwa sababu nusu ya wapangaji wameenda ushago, nauli imepanda, na wewe umebaki kwa keja na simu yenye bando. Mamako amepiga asubuhi: "Utaenda kanisa leo?" Ukamjibu, "Nitafuata ibada kwa simu, Mum." Sasa swali langu kwako: utaifuata, ama utaiwasha tu?

Nauliza kwa sababu mimi niliwasha tu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Tangu hapo Pasaka ya nyumbani ikawa ngumu. Ukitoka kanisani tu, shangazi na majirani wanakuzingira: "Na utahitimu lini?" Simu ikawa maficho yangu. Nilijiambia Mungu yuko kila mahali, hata kwa bedsita ya Githurai.

Saa tisa alasiri nikafungua YouTube nikiwa nimelala, chai mkono mmoja. Padri akaingia bila wimbo, bila kengele, akalala kifudifudi mbele ya altare. Kimya. Nikadhani intaneti imekwama. Nikafunga, nikafungua tena. Bado kimya. Nikatoka kidogo niangalie WhatsApp, huko nikapata klipu ya mpira, na niliporudi watu walikuwa wanatoka kanisani. Jioni Mum akauliza padri alihubiri nini. Nikadanganya. Siku ya Ijumaa Kuu, jamani.

Kumbe simu haikuwa imekwama. Ibada ya Ijumaa Kuu ya Wakatoliki huanza hivyo, kwa ukimya. Siku hiyo hakuna Misa popote; kuna masomo ya mateso ya Yesu, sala za kuwaombea watu wote, kuabudu msalaba na komunyo. Ule ukimya ndio mlango, na mimi nilikimbilia hapo mlangoni.

Sisemi ibada ya nyumbani ni feki. Inasimuliwa kwamba Krismasi moja katika karne ya 13, Mtakatifu Klara wa Assisi alikuwa mgonjwa kitandani, akaona na kusikia ibada ya kanisani kwenye ukuta wa chumba chake. Ndiyo maana Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Na sisi tulionja mambo hayo mwaka 2020. Pasaka ilikuwa Aprili 12, makanisa yamefungwa, kafyu inaanza saa moja jioni, na hakuna kutoka wala kuingia Nairobi. Watu walisali mbele ya runinga sebuleni, na hakuna aliyewacheka.

Mwaka jana nilijaribu tena. Nikishuka kununua mkate, nikampata mzee wetu wa geti, redio yake imeisha betri. Ni Mkatoliki, zamu yake ni ya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na geti haliachwi. Akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo simu yako inaweza kutuletea ibada ya saa tisa?"

Tukaiweka simu kwenye dirisha la kibanda chake. Padri alipolala chini, mzee akavua kofia, akapiga magoti kwenye saruji. Nami nikapiga. Gari likapiga honi nje. Akaenda, akafungua, akarudi, akapiga magoti tena. Wakati wa kuabudu msalaba, alitoa rozari mfukoni, akaubusu ule msalaba mdogo, akanipa nami nibusu. Wakati wa komunyo akafumba macho, akamwambia Yesu polepole kwamba anatamani kumpokea ila hawezi kufika. Kanisa huiita hiyo komunyo ya kiroho.

Ibada ilipoisha akaniangalia. "Mimi nimefungwa na geti. Wewe umefungwa na nini?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo, kama umebaki kwa keja kwa sababu ya kazi, ugonjwa, mtoto mchanga ama nauli, usijione mkosaji. Lakini jipange. Tafuta saa ya ibada mapema, na ikiwezekana iwe ya kanisa lenu, ndio usikie sauti unazozijua. Oga, vaa vizuri, tandika kitanda na ukae mbali nacho. Weka simu mahali mkono haufiki, zima arifa zote. Wakisimama, simama. Wakipiga magoti, piga. Muite mtu mmoja: jirani, mama mboga, soja. Wawili hawasinzii kirahisi kama mmoja. Ukituma sadaka kwa M-Pesa, hakikisha nambari ni ya kanisa lenyewe, maana matapeli hawana Ijumaa Kuu. Na mambo ya mkate na divai, uliza kanisa lako. Kwetu Wakatoliki, komunyo haipitii kwa skrini.

Ila kama umefungwa na aibu, kama mimi, simu haitakusaidia. Itakuficha tu vizuri zaidi.

Jumapili ya Pasaka niliingia kanisa la hapa mtaani, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Hakuna aliyeniuliza kuhusu chuo. Mama mmoja alisogea, akanipa nusu ya kitabu chake cha nyimbo nishike, tukaimba. Jioni Mum akapiga, akauliza lile swali lake la kila mwaka kuhusu mahubiri. Safari hii nilikuwa na jibu.

Pasaka hii naenda ushago. Nimeshaanza kuweka nauli. Shangazi akiuliza nitahitimu lini, nitamwambia ukweli, halafu nimshike mkono tuingie ndani. Na wewe je, umefungwa na nini?